Kozi ya Kufua Mashuka ya Wagonjwa

Tarehe 4, mwezi wa tatu

Mjukuu wangu kaniletea daftari hili jana. Anafundisha chuo kikuu, idara ya afya, na sasa anataka kuanzisha kozi mpya: namna ya kufua nguo za hospitali. Anasema vitabu alivyonavyo havitoshi, niandike kila ninachokijua. Nikamwambia mimi nimeishia darasa la nne. Akasema, "Andika hivyo hivyo, Bibi, kama unavyogomba." Haya. Nitaandika ninavyogomba.

Miaka thelathini na moja nimekuwa dobi wa hospitali kuu. Nilianza tukichemsha kwa kuni kwenye mapipa, nikastaafu tukiwa na mashine mbili, moja nzima na moja ya kuwekea ndoo. Somo la kwanza ni hili: shuka la damu huanza na maji baridi. Ukilitia maji moto, damu inaivia ndani ya uzi, na ikishaivia hiyo ni yako mpaka shuka lichakae. Kozi isiyoanza hapo ifungwe.

Tarehe 6

Mvua zimeanza. Nguo zangu ziko kambani tangu jana na hazina dalili ya kukauka.

Tarehe 9

Somo la pili: shuka lolote linalotoka wodini hukung'utwa kabla halijaloweshwa. Unashika ncha mbili, unalipiga hewani mara tatu, kila kilichomo kinadondoka. Kwa kukung'uta nimepata sindano zisizohesabika. Nimepata pete, nusu mkate, meno ya bandia ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kumtukana nesi kuwa kayaiba. Siku moja nilipata barua tatu za wanawake watatu kwenye shuka la bwana mmoja mwenye mguu uliovunjika, na nikaelewa mguu ulivunjikaje. Kila binti aliyeletwa kwangu kazini nilimfundisha hilo siku ya kwanza. Shuka usilolikung'uta litakuchoma.

Tarehe 12

Mjukuu leo alipeleka andiko lake kwenye kamati ya mitaala. Karudi macho yamevimba, anasema ni vumbi. Vumbi gani na mvua hii.

Nilimkalisha mpaka akasema. Walikuwa watu kumi kwenye meza ndefu. Mmoja aliuliza kama mwakani wataletewa shahada ya kufagia. Mwenyekiti, profesa mzima, akasema mama yake mzazi anafua vizuri sana na hajawahi kukanyaga chuo. Wakacheka. Halafu wakampa siku nyingine, tarehe 24 ya mwezi wa tano, arudi na barua ya madobi wa hospitali kwamba watawapokea wanafunzi wafanye mazoezi kwao. Bila barua hiyo, andiko halisomwi. Na andiko lisiposomwa, mkataba wa mjukuu wangu unakwisha mwezi wa sita, maana waliandika wenyewe kwamba wanamwajiri ili aanzishe kitu kipya. Kitu kipya ndicho hicho wanachokicheka.

Nikamwuliza, "Na wewe uliwajibu nini?"

"Niliwashukuru, Bibi."

Nilikaribia kumrushia sufuria. Mtoto huyu nimemlea tangu ana miaka sita, nimemsomesha kwa mikono iliyobabuka sabuni, na anakwenda kumshukuru mtu anayemcheka. Nikamwuliza huyo mwenyekiti alikuwa amevaa nini. Shati jeupe, kasema, limenyooshwa. Nikamwuliza nani kalinyoosha. Akacheka kidogo. Basi tangu leo jina la mwenyekiti humu ni Shati Jeupe.

Tarehe 13

Bado nina hasira.

Tarehe 20

Nimempeleka mjukuu kwa madobi. Msimamizi wa sasa ni Mama Pacha, nilimpokea mimi akiwa hajui hata kukunja shuka la watu wawili. Wako wanane pale. Walimkaribisha vizuri, wakamkalisha juu ya ndoo ya sabuni iliyopinduliwa, maana kiti hakuna. Mama Pacha kasema wanafunzi waje tu, labda wataona mateso na kwenda kuyasema huko juu. Barua ataitia sahihi ikishachapwa.

Njiani mjukuu alinishika mkono kama zamani. Nikamwambia aniache, nina miguu yangu.

Tarehe 27

Mvua. Ukuta wa jikoni umeota ukungu.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Naandika kwa hasira na herufi zitakavyokwenda ziende.

Mjukuu aliacha karatasi zake mezani akaenda kuoga. Andiko lenyewe, kurasa ishirini na mbili. Nikavaa miwani nione mambo yangu yamekaaje. Maji baridi kwa damu, yapo. Kutenganisha nguo za upasuaji, kupo. Nikajisikia vizuri, nikafungua ukurasa unaofuata, wa nne, na juu kabisa kuna kichwa cha habari: Makosa ya Kawaida Kazini. Kosa la kwanza: kukung'uta mashuka machafu. Kwamba kunatawanya vijidudu hewani, na wenye kazi wanavivuta, na vinatua kwenye nguo zilizokwisha kufuliwa.

La kwanza. Hata la tatu sikupewa.

Alipotoka bafuni alinikuta nimesimama na karatasi mkononi. Nikamwuliza kama ndivyo anavyonilipa. Akasema hakunitaja. Nikamwambia hakuwa na haja ya kunitaja, pale kila mtu anajua kukung'uta ni kwangu. Akaniambia polepole, kwa ile sauti yao ya darasani, kwamba jambo hili limepimwa, liko vitabuni miaka mingi.

"Kama liko vitabuni miaka mingi," nikamwambia, "lilikuwa linangoja nini kunifikia?"

Sikungoja jibu, nikaenda zangu kulala saa kumi na mbili jioni bila kula.

Tarehe 3

Nimekwenda na karatasi hizo kwa madobi. Nilizichukua mezani, ndiyo, na sijuti. Nikawasomea kichwa na kosa la kwanza, na la pili, na la tatu linalosema madobi hugusa nguo safi kwa glavu chafu. Glavu zenyewe wanapewa jozi moja kwa wiki mbili. Mama Pacha alinisikiliza akiwa amejishika kiuno. Akasema, "Kumbe tulikaribisha nyoka akiwa na kalamu." Kasema barua hatii sahihi, na mwanafunzi akionekana pale atapakiwa kwenye toroli pamoja na mashuka.

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Naandika ilivyokuwa.

Tarehe 4

Hatusemezani.

Tarehe 7

Hatusemezani. Mvua ya mawe kidogo.

Tarehe 15

Mjukuu alikwenda kuchukua barua. Walimwacha mlangoni na mvua, kila mtu akawa na kazi ya ghafla. Karudi ameloa mpaka mifupa. Hakuuliza nani kawaambia. Alibadilisha nguo, akapika, akanipakulia, akakaa mbele yangu.

"Wewe ndiye uliyenifundisha nisiseme doa halipo wakati liko," akasema. "Sasa unanigombeza kwa lipi?"

Halafu akala chakula chake chote. Mimi changu kilipoa.

Tarehe 16

Mtoto hana adabu. Lakini maneno yale niliyasema mimi, kweli, akiwa na miaka minane, alipoficha sare yenye wino chini ya godoro.

Tarehe 22

Leo nimeona kitu na nitakiandika chote.

Nilikwenda kwa madobi kuwasalimu tu, kwa kuwa nyumbani pamekuwa kimya mno. Kwa ajili ya mvua hata kamba za kuanikia wamezihamishia ndani. Mashuka machafu yanamwagwa upande wa mlango, safi yamekunjwa kwenye meza ya katikati, na pembeni, chini ya dirisha la juu, ndipo anaposimama mpiga pasi wao, Binti wa Pasi. Pale pale alipokuwa akisimama mama yake. Mama yake alikuwa shoga yangu, tulianza kazi wiki moja. Alikuwa na mkono wa pasi usioacha hata mkunjo mmoja, na mdomo usioacha mtu. Alikufa kwa kifua. Alikohoa mwaka mzima, akasema ni mvuke, sote tukasema ni mvuke. Madaktari walimwuliza nyumbani anaishi na nani, kuna mgonjwa gani, analala wapi. Kazini hawakuuliza.

Basi nimekaa, mvua ikakatika ghafla, jua likapenya kwenye lile dirisha kama mtu kafungua bomba. Wakati huo huo mmoja wa mabinti akashika shuka la wodini kwa ncha mbili, akalipiga hewani mara tatu. Vizuri kabisa, kama nilivyofundisha.

Na nikaliona. Kwenye ule mwanga, vumbi liliruka kutoka kwenye shuka likajaa chumba. Halikuanguka. Lilikwenda taratibu, likielea, likapita juu ya meza ya nguo safi, na lililobaki likaenda kwenye pembe ya pasi kwa sababu dirisha linavuta hewa upande ule. Binti wa Pasi alikuwa ameinama anapuliza unyuzi wa pamba kwenye kola. Alipomaliza kupuliza akavuta pumzi.

Miaka thelathini na moja, na mimi nilikuwa nimesimama upande wa mlango. Upande unaokung'uta. Mwanga ulikuwa mgongoni kwangu.

Niliaga. Wakaniuliza mbona mapema.

Tarehe 23

Mvua. Sina la kusema.

Tarehe 25

Nimesema na mjukuu. Sikuomba radhi, nilimwuliza swali. Nikamwambia, haya, tusikung'ute: sindano tunazipataje? Kitabu chako kinasemaje?

Akatafuta. Kitabu kinasema shuka lishikwe kwa upole. Nikamwambia huyo aliyeandika upole hajawahi kuchomwa na sindano ya mgonjwa asiyemjua. Dobi hakung'uti kwa kupenda kucheza. Anakung'uta kwa sababu manesi wanasahau sindano kitandani na yeye ana watoto. Ukimwambia acha halafu humwambii afanye nini, umemwambia achomwe. Mjukuu akafunga kitabu, akasema, "Hilo sikuliwaza." Nikamwona mtu mzima kwa mara ya kwanza, maana mtoto angebisha.

Tukatandika shuka mezani. Nikatia ndani vijiko vitatu na pini. Tulijaribu hivi na vile mpaka tukapata: unalilaza mezani, unalifungua pindo kwa pindo kuelekea mbali nawe, kama unavyosukuma chapati, kiganja hakitangulii, na huliinui. Glavu nene, si zile za utando. Vijiko vyote vilipatikana, na pini pia. Inachukua muda mara mbili ya kukung'uta. Akaandika muda huo. Nikamwambia aandike pia kwamba basi madobi waongezwe, maana muda hauoti kwenye kamba.

Halafu nikamwuliza kuhusu shoga yangu. Alijua naelekea wapi.

"Haiwezekani kujua, Bibi. Huenda ndiyo, huenda siyo."

Angeweza kunidanganya. Namshukuru hakunidanganya, ingawa sijamwambia.

Tarehe 2, mwezi wa tano

Nimekwenda kwa madobi nikawaambia. Kilichonichukua siku zote hizi ni Binti wa Pasi. Wale wengine niliwaeleza kwa pamoja, nikasubiri saa ya jua nikawaonyesha kwa shuka moja, wakaliona wenyewe, mmoja akajifunika pua kwa kanga. Mama Pacha akasema siku ile ningesoma karatasi kimoyomoyo kwanza tusingefika huku. Nimelimeza, lilikuwa langu.

Lakini Binti wa Pasi nilimfuata pembeni. Nikamwambia aliyemfundisha kila mtu humu kukung'uta ni mimi, na mama yake alikuwa amesimama hapa. Sikujua. Aliendelea kupiga pasi foronya moja mpaka ikaisha, akaikunja, akaiweka juu ya nyingine.

"Hao madaktari waliokuwa wanapita hapa na makoti yao," akasema, "walikuwa wanajua?"

"Lilikuwa vitabuni."

"Basi usinililie mimi, Bibi. Kawalilie wao."

Na ndivyo nitakavyofanya, ila kulia silii.

Tarehe 10

Mama Pacha katia sahihi barua, kwa masharti: glavu za kutosha ziandikwe kwenye andiko, na wanafunzi waje na viti vyao. Mjukuu kayaandika yote mawili. Pasi imehamishiwa chumba cha nyuma, mwanga hafifu, lakini hewa yake ni nyingine.

Tarehe 18

Mvua zinapungua. Nimefua shuka zangu mwenyewe leo. Nilishika ncha mbili kabla sijakumbuka.

Tarehe 24

Leo ndiyo siku. Nitaandika yote kisha nipumzishe mkono.

Nilimwambia mjukuu nakwenda naye. Akasema wageni hawaruhusiwi. Nikamwambia mimi si mgeni, mimi ni ukurasa wa nne. Tukaenda.

Chumba chenyewe kina zulia, na mapazia ambayo hayajafuliwa tangu yatundikwe, niliyanusa kutoka mlangoni. Shati Jeupe alikuwa kichwani mwa meza. Mjukuu alisoma vizuri. Barua ikapita mkono kwa mkono. Halafu yule wa shahada ya kufagia akasema haya yote ni stadi za mikono, si taaluma, kozi ya chuo kikuu lazima iwe na elimu ambayo mtu hawezi kuipata kazini tu. Na Shati Jeupe akatabasamu akaniangalia mimi, kwa heshima, siwezi kumsingizia.

"Mathalani mama yetu huyu," akasema. "Miaka mingapi kazini, Mama?"

"Thelathini na moja."

"Na bila kozi."

Wote wakaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimeshawasaidia. Mjukuu akanigusa goti chini ya meza. Nikasimama.

Niliwaambia ndiyo, bila kozi. Miaka thelathini na moja nimekung'uta mashuka ya wagonjwa ndani ya chumba kilichofungwa, na nikafundisha wanawake arobaini na kitu kukung'uta. Nikawaeleza lile vumbi linakwenda wapi. Nikawaeleza pembe ya pasi na aliyekuwa amesimama pale, na kwamba hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kisha nikasema hivi, na nilikuwa nimelipanga njiani nisije nikalikosea:

"Mnasema kazini mtu anajifunza yote. Mimi kazini nilijifunza kosa, nikalijua vizuri kuliko mtu yeyote, nikalifundisha. Kitabu kilichokuwa na jawabu kilikuwa kwenu. Kutoka kwenye maktaba yenu mpaka mlango wa dobi ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu yangu hii mibovu. Mlikuwa na miaka thelathini na moja ya kutembea."

Nikakaa. Hakuna aliyecheka. Shati Jeupe aliangalia mikono yake. Yule wa kufagia akawa anatafuta kitu kwenye karatasi.

Wakatutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la korido mpaka makalio yakafa ganzi. Mjukuu alikuwa anatafuna kucha, nikampiga kofi la mkono kama alipokuwa mdogo.

Tukaitwa. Kozi imepita, kasema Shati Jeupe, kamati inampongeza mhadhiri. Marekebisho ni madogo tu: watakaopokelewa wawe wamemaliza sekondari na kufaulu sayansi, kama ilivyo utaratibu wa chuo.

Nikahesabu kichwani wale wanane wa Mama Pacha. Hakuna hata mmoja. Na mimi nilikuwa nimekwisha kusema yangu yote, sikuwa na kitu kilichobaki mdomoni. Nikafikiri, sasa atawashukuru.

Mjukuu wangu alikusanya karatasi zake, akazinyoosha kingo mezani, akasema, "Hapana, Profesa. Mkiwafungia mlango madobi, kozi hii mtaniandikia imekataliwa. Nitaondoka nayo mwezi wa sita na mkataba wangu."

Aliitamka hapana bila kupandisha sauti. Shati Jeupe akamweleza kuhusu utaratibu. Akamjibu kwamba utaratibu huo ndio uliokiweka kitabu mbali na pasi. Wakanong'onezana, mwanamke mmoja mwenye mvi aliyekuwa hajasema neno siku nzima akagonga meza kwa kidole, akasema yeye anaunga mkono na angependa kwenda kunywa chai. Wakaandika: nafasi nane kila mwaka kwa wenye kazi, bila cheti, kwa kuzungumza nao tu.

Huyo nilimlea mimi. Nyumbani nilimwambia alikuwa amechelewa kusema hapana kwa miezi miwili na nusu. Akasema, "Nimesikia, Bibi." Nikampakulia mimi.

Tarehe 3, mwezi wa sita

Mvua zimekwisha. Fomu za maombi zimetoka, na nimezipeleka mwenyewe kwa madobi. Mama Pacha kajaza kwa herufi kubwa kama anaandika bango. Wengine niliwasaidia palipokuwa na maneno ya kizungumkuti.

Binti wa Pasi alikataa msaada. Alizima pasi, akakaa juu ya ndoo, akajaza polepole. Elimu: darasa la saba. Kazi: pasi. Mahali palipoulizwa sababu ya kuomba kuna mistari sita ya kujieleza. Ameandika maneno matatu: Kifua cha mama.

Mjukuu aliniambia niwahimize wajaze mistari yote, kamati inapenda maelezo. Nimeitazama fomu ile, sikumrudishia Binti wa Pasi. Nimeitia kwenye bahasha, na kesho asubuhi naipeleka kwa miguu mpaka mezani kwa Shati Jeupe. Nitasimama pale pale mpaka aisome.